Makosa ya Koti Refu

Kambini, 4 Februari

Shikamoo Mjomba,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na brashi zako. Mimi sijambo, ila jua limenichubua pua, na mpishi wa kambi ameapa kutulisha maharage mpaka barabara ifike mwisho. Tumebakiza kilomita arobaini. Nikimpimia dereva wa greda mstari, anaupinda. Nikimnung'unikia, ananijibu kwamba barabara iliyonyooka sana huleta usingizi. Mama hajambo? Mwambie blauzi aliyonishonea imenikaa vizuri, ila hapa kazini nimeionea huruma kuivaa.

Bahasha yako yenye matoleo ya 571 na 572 ya Jengo la Mama Funguo imefika na gari la mafuta. Mungu akuweke. Huku hakuna mtandao hata wa kuotea, na usingekuwa unanichapia katuni yetu huko mjini ningekuwa nimeshajipima urefu wa kaburi.

Sasa tuingie kwenye yetu. Yule paka, Shombo. Mkia wake ulikatwa na lifti katika toleo la 88. Alikufa toleo la 203, tukamwandika kwenye daftari letu la makosa. Toleo la 240 akaonekana dirishani, tukaandika kosa. Sasa katika 572 amejilaza mlangoni, yuko hai na mkia wake wote! Ama mchoraji hasomi katuni yake mwenyewe, ama kuna paka wawili. Mpishi anasema wawili. Mimi nasema kosa namba 347.

Halafu hodi ya mwaka imekaribia. Wanaoanza kusoma katuni hii leo nawahurumia, maana hawajui sisi tumeingoja hodi hiyo mara ngapi. Tangu Koti Refu ashuke ngazi kwenda kununua balbu, toleo la 12, ni miaka kumi na moja. Kila mwaka mlango unagongwa mara tatu, mkewe, Mama Funguo, anakurupuka na funguo zake zote zikilia kiunoni, na si yeye. Mwaka juzi alikuwa mtu aliyekosea ghorofa. Mwaka jana msoma mita za maji. Watu wa kambi wamegawanyika: nusu wanasema Koti Refu alishakufa, nusu wanasema yuko hai. Mimi niko na walio hai. Na usianze kuniambia kwamba ni kwa sababu ya baba. Baba alitoka kutafuta kiraka cha tairi ya baiskeli nikiwa na miaka tisa, na hiyo ni habari nyingine. Katuni ni katuni.

Mpwa wako,
Rula

Nyumbani, 27 Februari

Mpwa wangu Rula,

Marahaba, tena marahaba mara mbili, moja ya kuombea msamaha. Najua nimechelewa. Nilikuwa na bango la kinyozi. Anataka vichwa sita vyenye mitindo sita, naye mwenyewe ana upara unaong'aa kama sahani. Unajua mimi sichori kichwa ambacho sijakiona, basi nimeshinda wiki nzima nimesimama barabarani nikikodolea watu visogo, mpaka mama mmoja akaniuliza kama nina shida.

Mama yako hajambo. Msimu wa sare za shule umemfikia na cherehani haipoi. Anasema blauzi hiyo usiifue kwa maji ya moto.

Kuhusu paka, ni kosa, wala sina ubishi. Lakini mtu aliyechora kila Alhamisi kwa miaka kumi na moja ana haki ya kufufua paka mmoja. Tusiwe wakali mno, Rula. Tunayaona makosa kwa sababu tunapenda.

Kuhusu Koti Refu kuwa hai au kufa, leo sina la kusema. Mkono umechoka.

Nakutumia 573, 574 na 575. Utaona wino ni hafifu. Mashine ya kuchapia ya pale dukani imeharibika, nikatumia ya fotokopi. Usimtupie mchoraji kila lawama. Soma polepole.

Mjomba wako

Kambini, 20 Machi

Shikamoo Mjomba,

Habari za kinyozi na upara wake? Mimi mzima, lakini Mjomba, nimebaki mdomo wazi! Kambi nzima imebaki mdomo wazi. Nilipofungua 575 nilipiga ukelele, dereva wa greda akafikiri nimeumwa na nyoka, akaja na koleo.

Koti Refu! Kwa macho yetu! Miaka kumi na moja ya visogo na vivuli, leo amekaa kwenye stuli anatengeneza feni katika mji mwingine! Nusu yetu tuliosema yuko hai tumeimba mpaka mpishi akatutoa kwenye banda. Karatasi zako nimezibandika hapo bandani, na watu wanazisoma wakiwa wameshika sahani. Wanasema katuni imepata nguvu mpya. Hata maandishi yamependeza, yamekaa kama ya bango la duka.

Lakini daftari ni daftari. Mchoraji amepata homa au nini? Nimemkuta na makosa tisa kwa matoleo matatu. Mlango wa lifti unafunguka kushoto, wakati tangu toleo la kwanza ni kulia. Mama Funguo ana funguo kumi na nne, tunajua ni kumi na saba. Na huyu Koti Refu mwenyewe! Toleo la 12 alishuka akiruka ngazi mbili mbili. Sasa mguu wa kulia umenyooka kama ubao, na gongo limeegemea ukutani. Tangu lini? Sikio la kushoto lina pengo ambalo halijawahi kuwepo. Bisibisi ameing'ata kwa meno ya pembeni. Na huyu binti mdogo anayempa skrubu ni nani? Hatuna mtoto kama huyo popote, nimepekua daftari mara tatu.

Ila nikwambie ukweli, uso ule umenigusa. Sijui kwa nini. Nimeutazama mara nyingi kuliko inavyostahili.

Msalimie Mama. Mwambie nitakuja barabara ikiisha.

Rula

Nyumbani, 11 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mama yako amepata kikohozi kidogo, kimepita.

Makosa tisa umeyaona, hongera kwa macho. Lakini niseme hivi: mchoraji naye ni binadamu. Huenda alichora kwa haraka. Huenda hakuwa na matoleo ya zamani mbele yake, au hakukumbuka lifti inafunguka upande gani. Funguo kumi na nne au kumi na saba, mlango si unafunguka? Mtu anajikakamua mpaka shingo inamuuma, halafu anaambiwa kuhusu lifti.

Huyo binti, achana naye. Labda ni wa jirani.

Nakutumia 576 mpaka 578. Lifti imerekebishwa.

Mjomba wako

Kambini, 2 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu, nisamehe.

Wiki iliyopita ameletwa fundi mitambo mpya kutoka mjini. Amekuja kula, akaona karatasi ukutani, akacheka. Akauliza, hii nani kachora? Nikamwambia ni Jengo la Mama Funguo, matoleo mapya. Akasema, dada, katuni hiyo ilikwisha mwezi wa pili. Toleo la mwisho ni 573. Watu walilia mtandaoni wiki nzima.

Nikamwita mwongo. Mbele ya watu arobaini, Mjomba. Nikamwambia asituletee ujuaji wa mjini, mimi naisoma tangu toleo la kwanza na mjomba wangu ananitumia kila toleo. Dereva wa greda akasimama upande wangu na kijiko mkononi. Yule fundi hakubishana. Alitoa simu yake, akafungua picha alizohifadhi, akanipa nishike mwenyewe.

Nilisoma nimesimama. Mlango unagongwa mara tatu. Mama Funguo anafungua. Ni askari mzee aliyestaafu, ameshika boksi dogo limechakaa, ndani yake balbu. Anasema samahani mama, tulikosa anwani. Koti Refu aligongwa na lori siku ile ile, toleo la 12, akivuka barabara kurudi nyumbani. Miaka kumi na moja ya hodi, na mtu alikufa kabla hata ya hodi ya kwanza. Picha ya mwisho Mama Funguo anapanda kiti na kuweka balbu. Basi.

Nilimrudishia simu yake. Nyuma yangu mpishi alizima jiko. Halafu nikatazama karatasi zako ukutani, na aibu ikanipanda toka miguuni. Maandishi ya bango la duka! Nilikuandikia mwenyewe na sikuona! Nimekaa miezi miwili nakuhesabia makosa wewe, mjomba wangu, na wewe unanijibu kwamba mchoraji naye ni binadamu!

Nilizibandua nikataka kuzichoma. Kisha nikafanya tulichozoea. Nilizipanga mezani nikafungua daftari, ukurasa mpya, nikaandika kila kitu kilichomo katika michoro yako ambacho hakimo katika katuni.

Lifti, funguo: hukukumbuka. Sawa. Pengo la sikio la kushoto: baba alikuwa nalo, aliumwa na mbwa utotoni, mama alinisimulia. Ulikuwa unamchora baba. Hilo nalo nikalielewa, nikalia kidogo, nikasema Mjomba amenihurumia.

Lakini mguu, Mjomba. Baba alitoka nyumbani na miguu miwili mizima. Mvi zake zimeanza pembeni ya kidevu, si kichwani. Bisibisi ya meno ya pembeni. Ngazi tatu za saruji kando ya tangi la maji, umezichora mara nne na kila mara ile ngazi ya kati imebomoka pembe ile ile. Hukubuni. Mtu anayebuni hukosea, na katika matoleo yote aliyomo huyu mtu hujamkosea hata mara moja. Hujawahi kuchora kichwa ambacho hujakiona, ni wewe uliyeniambia.

Umemwona wapi?

Rula

Nyumbani, 19 Mei

Mwanangu,

Barua yako imenikuta juu ya ngazi, nikimalizia bango. Nimeshuka nayo mkononi na mpaka sasa sijapanda tena. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema. Hawakusema kwamba atakayemkamata atatumia daftari aliloanza kulijaza pamoja naye.

Nilimwona miaka sita iliyopita. Niliitwa mji wa reli kule kaskazini kuchora bango la karakana ya feni na redio, nyuma ya stesheni. Nimeinama nachanganya rangi, mwenye karakana anatoka na gongo. Tulitazamana. Nilidondosha kopo, rangi ikamwagika mpaka barabarani. Nilitaka kumpiga, Rula, nakwambia kweli, na ngumi niliikunja. Ikanishinda kwa sababu kulikuwa na mtoto mdogo anatambaa miguuni pake.

Mguu ulivunjika kazini, miaka miwili baada ya kuondoka kwenu. Kwa nini aliondoka, hakunipa neno la maana. Alisema alitoka kutafuta kiraka kweli. Akakutana na mtu mwenye kibarua cha siku tatu. Siku tatu zikawa mwezi, mwezi ukawa aibu, na aibu, alisema, haina mlango wa kurudia. Kisha akapata mke mwingine. Akaniapisha nisiseme. Nami mjinga nikaapa, nikamchorea bango lake mpaka mwisho, nikapanda basi nikarudi, nikamwambia mama yako kazi ilikuwa nzuri. Nimepita pale mara mbili tena. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka jana. Yule mtoto sasa ndiye anayempa skrubu.

Unaniuliza moyoni kwa nini nilichora. Mwezi wa pili niliingia dukani kukuchapia 573, nikaisoma pale pale kwenye foleni. Nikaduwaa, mpaka watu wakanipita. Nilijua ukiipata utafanya nini. Wewe husema katuni ni katuni, lakini mimi nimekulea, najua uliisoma miaka kumi na moja kwa ajili ya nani. Ungemzika baba yako kimyakimya huko kambini, wala usingemwambia mtu. Na mimi ningekaa hapa nikijua umemzika mtu niliyemwona anakunywa chai. Kukwambia ukweli sikuweza, nilikuwa na kiapo. Kukutumia maiti vilevile sikuweza. Nikachukua kalamu.

Anwani nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Kiapo nimekivunja, Mungu atanihukumu anavyopenda. Nakuomba moja tu: mama yako asijue. Amengoja miaka ishirini. Kumwambia kwamba aliyemngoja anatengeneza feni safari ya siku moja kutoka hapa ni kumuua.

Mjomba wako

Nyumbani, 30 Juni

Rula,

Gari la mafuta limekuja mara tatu. Dereva anasema barua zangu anakukabidhi mkononi. Basi zinafika.

Nitukane ukitaka, lakini andika. Ukurasa mmoja. Mama yako ananiuliza habari zako na mimi namwambia uko salama, huku sijui kama nadanganya tena.

Mjomba

Nyumbani kwa Mama, 14 Julai

Shikamoo Mjomba,

Usishangae anwani. Niko mitaa minne kutoka kwako na bado nakuandikia, kwa sababu nikija kwako kwa miguu nitapiga kelele, na majirani hawana kosa. Nilikuwa na likizo ya wiki mbili. Sikukwambia.

Nilikwenda. Bango nililiona kabla sijavuka reli, herufi zako ni zile zile. Ngazi ya kati imebomoka pembe, ulivyochora. Alikuwa kwenye stuli. Nilikuwa nimejipangia maneno kwa ajili ya mtu aliyenisahau, nimeyakariri safari nzima. Akainua kichwa, akatoa bisibisi mdomoni, akaniita jina langu la utotoni. Hakusita, hakukunja uso kunikumbuka. Aliniita kama niliyetoka dukani dakika tano zilizopita. Maneno yangu yote yakayeyuka, Mjomba. Kwa mtu anayenikumbuka sikuwa nimejiandaa.

Yule binti alinisogezea kiti. Ana miaka saba na meno ya mbele yameng'oka. Akaniuliza kama nimeleta feni.

Kisha baba akauliza, "Mama yako ndiye aliyekutuma?"

Nikasema mama hajui hata kama uko hai.

Niliona kwamba anashangaa kweli. Akasema, "Mama yako alikuja hapa. Huyu hajazaliwa bado. Alisimama pale pale uliposimama."

Sikumbuki nilivyoaga. Nilipanda basi, nikafika hapa jana mchana. Mama alikuwa kwenye cherehani. Sikumsalimia. Nikamwambia nimetoka kumwona baba. Mguu wake ukaacha kukanyaga, lakini hakugeuka.

"Nani kakuonyesha?" akaniuliza.

"Ulijua, mama?"

"Nilikwenda zamani," alisema. "Mteja wangu mmoja alimwona stesheni. Nilikwenda kumrudisha. Nikakuta ana mke, na mke ana mimba, na mguu wake ule. Nikarudi."

"Na miaka yote hiyo ukiniambia baba akirudi, baba akirudi?"

"Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukilala njaa nisiposema. Nilipoujua ukweli ulikuwa mkubwa tayari, nikakosa pa kuanzia." Halafu akageuka, akanishika mkono kwa nguvu. "Mjomba wako asijue hata kidogo. Unazijua hasira zake. Atakwenda kumpiga mtu kilema, na yeye mwenyewe moyo utampasuka. Amemngoja shemeji yake miaka ishirini yule."

Nilicheka, Mjomba. Nilicheka mpaka mama akaogopa, akaniletea maji.

Sasa nakwambia, na mama naye nitamwambia, leo hii, nikimaliza kuandika. Wewe ulikuwa ukimficha yeye. Yeye alikuwa akikuficha wewe. Mlikuwa mkikaa meza moja, mkinywa chai, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma kwa kungoja. Hakuna aliyekuwa akingoja. Nyumba nzima, aliyekuwa akingoja ni mimi peke yangu.

Nina hasira na nyinyi mpaka mwandiko umeharibika, utauona. Kesho saa nne njoo hapa. Ukae nasi sebuleni, na kila mmoja aseme anachokijua, hata kidogo, hata cha aibu, tangu siku ya kwanza. Mimi nitaandika.

Rula